Miezi ya Mwanzo ya Gitaa Kavu: Ushauri kwa Mwanafunzi wa Kasoli

Watu wengi wanaoanza kujifunza gitaa kavu, yaani gitaa la mbao ambalo sauti yake hukuzwa na kasha lake lenyewe bila msaada wa umeme, huliacha kabla ya kuumaliza wimbo mmoja, na sababu inayotajwa kwa kawaida ni kwamba hawakujaliwa kipaji. Sababu hiyo haistahili kukubaliwa upesi. Ugumu wa miezi 3 ya mwanzo una vyanzo vinavyoonekana kwa macho na kupimika kwa rula: nyuzi zilizoinuka kupita kiasi juu ya shingo ya chombo, ngozi ya ncha za vidole ambayo haijaizoea kazi hiyo, na utaratibu wa masomo unaomwanzishia mwanafunzi mambo ambayo hata mpigaji wa mwaka mzima huyatolea jasho. Kipaji, kama kipo, hakiwezi kujionyesha mpaka vyanzo hivyo vishughulikiwe.

Katika kata ya Kasoli, wilayani Bariadi, jambo hili lina sura yake. Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga, ni nchi ya pamba, mahindi na mifugo, na anayetaka kujifunza gitaa huko kwa kawaida ni mtu ambaye mikono yake ilizoea jembe kabla ya kuzoea uzi. Gitaa lenyewe mara nyingi si jipya. Limenunuliwa mjini na mtu mwingine, likapita mikononi mwa ndugu au wanakwaya, likasafiri kwa basi, likakaa chini ya bati, na nyuzi zake pengine hazijabadilishwa tangu siku liliponunuliwa. Mwalimu wa kudumu ni nadra. Hali hizo hazimzuii mtu kujifunza, lakini zinabadilisha mpangilio wa mambo yanayopaswa kutangulia, na ndiyo maana ushauri ulioandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa jiji lenye maduka ya ala za muziki haumfai mwanafunzi wa Kasoli bila kurekebishwa.

Jambo la kwanza ni kukikagua chombo, kwa sababu gitaa lililokaa vibaya humuumiza mwenye vidole imara sawasawa na asiye navyo. Shingo ya gitaa imegawanywa kwa freti, yaani vijiti vyembamba vya chuma vilivyopandwa kwa kukingama, na kila freti hupandisha sauti ya uzi kwa nusu toni, ambayo ndiyo hatua ndogo kuliko zote katika ngazi ya muziki unaopigwa kwa ala hii. Freti ya 12 iko katikati kabisa ya urefu wa uzi, na hapo ndipo pa kupimia. Kwa gitaa la nyuzi za chuma, nafasi kati ya kichwa cha freti ya 12 na uzi wa sita, ambao ndio mnene kuliko wote, inapaswa kuwa takriban milimita 2 hadi 2.5, na kwa gitaa la nyuzi za nailoni, milimita 3 hadi 4. Nafasi ikifika milimita 5, hakuna mazoezi yatakayoyafanya maumivu yawe ya kawaida, na mwanafunzi anayeendelea kulisukuma gitaa la namna hiyo anaadhibiwa kwa kosa ambalo si lake.

Kipimo cha pili kiko upande wa kichwa, kwenye kizingiti, yaani kile kipande cheupe chenye mikato 6 kinachozipokea nyuzi zinapotoka kwenye funguo za kukazia. Uzi ukibanwa kwenye freti ya tatu, nafasi inayobaki kati yake na freti ya kwanza inatakiwa kuwa ndogo kama unene wa karatasi moja au mbili. Ikiwa ni kubwa kuliko hapo, kodi zote zinazopigwa karibu na kichwa, ambazo ndizo za kwanza kufundishwa, zitakuwa ngumu bila sababu. (Neno kodi hapa lina maana ya sauti 3 au zaidi zinazopatana na kupigwa kwa pamoja.) Marekebisho yanawezekana hata pale pasipo na fundi wa ala, mradi yafanywe kwa subira: ukingo mweupe uliokaa juu ya daraja la gitaa, yaani kipande cha mbao kinachozishikilia nyuzi kwenye uso wa kasha, huchomolewa baada ya nyuzi kulegezwa, nao husuguliwa upande wa chini kwa msasa laini uliotandazwa juu ya meza iliyo bapa. Kila milimita 1 inayopungua hapo hushusha uzi kwa nusu milimita kwenye freti ya 12, hivyo anayetaka kushusha milimita 1 anapaswa kusugua milimita 2, kidogo kidogo, akipima kila mara, kwa kuwa kilichosuguliwa hakirudi. Seremala mwangalifu anaweza kuifanya kazi hiyo vizuri, akielezwa kwamba anafanya kazi ya vipimo vidogo kuliko vile vya mlango na kitanda.

Aina ya nyuzi nayo inahitaji uangalifu, na hapa kuna kosa linaloharibu magitaa mengi. Nyuzi 6 za nailoni kwa pamoja huvuta mbao kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 40, ilhali nyuzi za chuma za unene wa kawaida huvuta kwa zaidi ya kilo 70. Gitaa lililoundwa kwa ajili ya nailoni, ambalo hutambulika kwa shingo yake pana na kichwa chenye matundu mawili marefu, halikujengwa kuubeba mzigo wa chuma. Likifungwa nyuzi hizo daraja lake hung'oka au shingo yake hupinda, na pengine mwenye gitaa hulaumu ubovu wa gundi. Waya wa breki wa baiskeli, ambao vijana wamekuwa wakiutumia kwa ustadi katika magitaa ya kujiundia kwa debe au galoni, haufai kabisa kwa gitaa la dukani. Kwa mwanafunzi mwenye gitaa la chuma, seti ambayo uzi wake wa kwanza una unene wa inchi 0.010 humpunguzia kazi kuliko ile ya inchi 0.012, na vipimo hivyo huandikwa wazi kwenye pakiti.

Ipo njia nyingine ya kupunguza mkazo ambayo haigharimu chochote. Mkazo wa uzi hufuata kipeo cha pili cha masafa yake, yaani cha idadi ya mitetemo yake kwa sekunde, na kwa hiyo nyuzi zote zikishushwa kwa toni 1, ambayo ni sawa na freti 2, mkazo hupungua kwa takriban sehemu moja ya tano. Baada ya hapo mwanafunzi anaweza kufunga kapo kwenye freti ya pili, kapo ikiwa ni kibano kinachozibana nyuzi zote 6 kwa mpigo mmoja, na gitaa likarudi kwenye sauti yake ya kawaida huku likiwa laini zaidi. Faida haiishii hapo. Kwenye gitaa lenye uzi wa milimita 650, chumba (yaani nafasi kati ya freti moja na nyingine) cha kwanza kutoka kichwani kina upana wa karibu milimita 36.5, lakini chumba kinachofuata kapo iliyo kwenye freti ya pili kina milimita 32.5, na tofauti hiyo huhisiwa mara moja na mtoto au mtu mwenye vidole vifupi. Asiye na kapo anaweza kuitengeneza kwa penseli iliyokatwa na ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli uliofungwa kwa kukaza nyuma ya shingo.

Mbao hunywa unyevu na kuutoa, na mkoa wa Simiyu una majira mawili yanayotofautiana sana kwa jambo hilo. Katika miezi ya mvua, takriban Novemba hadi Mei, uso wa gitaa huvimba na kuziinua nyuzi. Katika kiangazi uso huo husinyaa, nyuzi hushuka na kuanza kukoroma juu ya freti, na ncha za freti hutokeza pembeni zikaukwaruza mkono. Mwanafunzi asiyelijua hilo hudhani kwamba mkono wake umerudi nyuma kimafunzo. Gitaa linahitaji kuhifadhiwa ndani ya mfuko au sanduku, mbali na bati na mbali na moto wa kupikia, na wakati wa kiangazi kipande cha sponji kilicholoweshwa na kukamuliwa vizuri, kikitiwa ndani ya kopo lililotobolewa na kuwekwa sandukuni, kinatosha kuifanya mbao isipasuke.

Kulinganisha nyuzi, kazi ambayo wanamuziki wengi huiita kutyuni, hutangulia kila zoezi. Kutoka uzi mnene hadi mwembamba sauti za kawaida ni E, A, D, G, B na E, na uzi wa tano, wenye sauti ya A, hutetema mara 110 kwa sekunde. Programu ya simu huonyesha hayo kwa mshale, nayo inafaa, lakini sikio halipaswi kuachwa bila kazi: uzi wa sita ukibanwa kwenye freti ya tano hutoa sauti ya uzi wa tano ulio wazi, wa tano hutoa sauti ya wa nne kwa njia hiyo hiyo, wa nne hutoa ya wa tatu, wa tatu ukibanwa kwenye freti ya nne hutoa ya wa pili, na wa pili kwenye freti ya tano hutoa ya wa kwanza. Anayefanya hivyo kila siku kwa mwezi mmoja huanza kusikia tofauti ambazo mwanzoni hazikuwepo kwake.

Baada ya chombo huja mkono, na hapa mkulima ana jambo la kujifunza kuhusu mwili wake mwenyewe. Mtu aliyelima kwa miaka 10 ana sugu nene kwenye kiganja na kwenye mashina ya vidole, mahali mpini unapoegemea, na hushangaa kuona uzi mwembamba unamuumiza kama mtoto wa shule. Mshangao huo hauna sababu ya kuwa aibu. Ngozi hukomaa pale tu inapobanwa, na mpini wa jembe hauzigusi ncha za vidole. Kwa upande wa gitaa, mkono wa mkulima ni mgeni kama mkono wa karani. Ngozi ya juu ya mwili hujijenga upya kwa muda wa takriban wiki 4, na huo ndio muda ambao ncha za vidole huhitaji ili zipate ugumu wa kutosha, kwa sharti kwamba zinaguswa kila siku. Dakika 15 asubuhi na 15 jioni huijenga ngozi, lakini saa 3 za Jumapili moja huichubua, na wiki inayofuata huanza upya. Haifai kushika gitaa mara baada ya kuoga, kufua au kuosha vyombo, kwa kuwa ngozi iliyolowa hukatika kwa urahisi, wala haifai kubandua magamba yanayotokea, kwa sababu ndiyo hasa yanayosubiriwa. Kucha za mkono wa kushoto zinapaswa kuwa fupi kiasi cha kutotangulia nyama.

Maumivu ya ngozi ni ya kawaida na hupita. Maumivu ya kifundo cha mkono, ganzi ya vidole, au mvutano unaopanda hadi kwenye kiwiko ni jambo lingine kabisa, na mwanafunzi anayeyahisi anapaswa kusimama hapo hapo, kwa sababu yanaonyesha kwamba kifundo kimekunjwa kupita kiasi au kwamba dole gumba linabana shingo kama koleo. Dole gumba linakaa nyuma ya shingo likielekeana na kidole cha kati, kazi yake ikiwa ni kuegemea tu. Nguvu inayohitajika kubana uzi ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, mradi kidole kikae karibu kabisa na freti, upande wa kichwani, bila kuipanda. Uzi uleule ukibanwa katikati ya chumba hudai nguvu zaidi na bado hukoroma. Zoezi linalofundisha jambo hili ni kukiweka kidole mahali pake bila kubana, kupiga uzi mfululizo, kisha kuongeza nguvu polepole mpaka sauti iwe safi, na kuacha hapo hapo pasipo kuongeza chochote. Kwa mkulima zoezi hili ni la lazima, kwa kuwa mkono uliozoea kushika kwa nguvu zote lazima ufundishwe kushika kidogo.

Ugumu mkubwa kuliko wote, na ndio unaowaondoa wengi, ni kuhama kutoka kodi moja kwenda nyingine kwa wakati. Vitabu vingi humkabidhi mwanafunzi kodi 8 au 10 katika kurasa za mwanzo, kila moja kama picha ya peke yake, na matokeo yake ni kwamba vidole huinuliwa vyote, hutafuta mahali papya hewani, na mdundo unakufa. Mwanafunzi wa Kasoli ana njia fupi zaidi, ambayo imo tayari katika elimu ya kwaya. Kwaya nyingi za makanisa ya Tanzania husoma nyimbo kwa mfumo wa do, re, mi, ambao Mwingereza John Curwen aliueneza katika karne ya 19, na mwimbaji anayeujua mfumo huo anajua pia, hata kama hajawahi kuambiwa kwa maneno, kwamba nyimbo zisizohesabika husimama juu ya nguzo tatu: do, fa na so. Katika ufunguo wa C, nguzo hizo ni kodi za C, F na G. Anayezimudu kodi hizo 3 anaweza kusindikiza nyimbo nyingi sana kuliko anayetambua kodi 10 bila kuweza kuhama kati ya mbili.

Utaratibu wa vidole ni huu. Kwa kodi ya C, kidole cha shahada hubana uzi wa pili kwenye freti ya kwanza, kidole cha kati hubana uzi wa nne kwenye freti ya pili, na kidole cha pete hubana uzi wa tano kwenye freti ya tatu. Ili kwenda kwenye F, kidole cha shahada hakiondoki mahali pake. Kidole cha kati na cha pete, vikiwa vimeshikamana kama jozi ya ng'ombe wa kulimia chini ya nira moja, husogea uzi mmoja kuelekea upande mwembamba, cha kati kikaangukia uzi wa tatu na cha pete uzi wa nne, bila kubadilisha freti. Ili kwenda kwenye so, jozi ileile huondoka kwenye C na kusogea uzi mmoja kuelekea upande mnene, cha kati kikaangukia uzi wa tano na cha pete uzi wa sita, huku kidole cha shahada kikihamia uzi wa kwanza kwenye freti ileile ya kwanza. Kodi hii ya mwisho ni G yenye sauti ya ziada ya F ndani yake, iitwayo G7, na sauti hiyo ya ziada ndiyo inayolifanya sikio litamani kurudi nyumbani kwenye do. Kwa maneno mengine, safari yote ya do, fa na so ni safari ya jozi moja ya vidole inayoshuka na kupanda kwa uzi mmoja mmoja. Mwanafunzi akiliona hilo, picha 3 za kukariri zinageuka kuwa mwendo mmoja.

Namna hiyo ya kuipata F inastahili kutetewa, kwa sababu walimu wengine huiita njia ya mkato na kumlazimisha mwanafunzi abane nyuzi zote 6 kwa kidole cha shahada tangu mwezi wa kwanza. Uzi wa nne, wa tatu na wa pili katika mkao ulioelezwa hutoa sauti za F, A na C, ambazo ndizo sauti kamili za kodi ya F. Linalobaki ni kutougusa uzi wa kwanza wala wa sita, na kazi hiyo ni ya mkono wa kulia. Huo si upungufu wa muziki. Mkao unaobana nyuzi zote utakuja baadaye, pengine mwezi wa tano au wa sita, wakati ngozi na misuli viko tayari, na mwanafunzi ataukuta ukiwa na ugumu wa kawaida.

Mfano wa mkono wa kulia wa kutimiza kazi hiyo haupaswi kutafutwa mbali. Jean-Bosco Mwenda, mpigaji wa Katanga, nchini Kongo, aliyezaliwa mwaka 1930 na kufariki mwaka 1990, aliimba kwa Kiswahili na kupiga gitaa kavu kwa vidole viwili tu vya mkono wa kulia, dole gumba na kidole cha shahada. Mwaka 1952 mtafiti Hugh Tracey alimrekodi katika mji wa Jadotville, unaoitwa sasa Likasi, na kipande chake kiitwacho Masanga kikaenea mbali kiasi kwamba wapigaji na wataalamu wa muziki wa Ulaya walikaa kukichambua noti kwa noti. Mpigaji mwenzake Edouard Masengo naye alisikika sana Afrika Mashariki, na mtindo huo wa vidole uliwaathiri wapigaji wa Kenya wa miaka ya 1950 na 1960. Ikiwa vidole viwili vilimtosha Mwenda kwa kazi ya kiwango hicho, mwanafunzi hana haja ya kujisikia mnyonge kwa kuanza navyo. Dole gumba hupiga besi, yaani sauti nzito ya msingi: uzi wa tano kwenye C, wa nne kwenye F, na wa sita kwenye G. Kidole cha shahada hujibu kwenye nyuzi nyembamba. Mgawanyo huo wa mwito na kiitikio ni jambo ambalo sikio la Wasukuma, wenyeji wengi wa mkoa wa Simiyu, limelelewa nalo.

Kuhusu mdundo, mwanafunzi wa Kasoli ana utajiri ambao vitabu vya gitaa haviutaji. Wasukuma wamelima kwa pamoja huku wakiimba kwa vizazi vingi, majembe yakishuka kwa wakati mmoja na sauti ya kiongozi ikiitikiwa na kundi. Ngoma ya bagobogobo, ambayo wachezaji wake huchezesha majembe, imetokana na kazi hiyo, na mtafiti Frank Gunderson alichapisha mwaka 2010 mkusanyo mkubwa wa nyimbo za kazi za Wasukuma. Kwa mwanafunzi wa gitaa, urithi huo una matumizi ya moja kwa moja. Metronomu, yaani kifaa kinachogonga kwa vipindi sawa ili mpigaji asikimbie wala asichelewe, haihitajiki kwa mtu ambaye mwili wake unajua jembe linaposhuka. Dole gumba lipige kila jembe linapogusa ardhi, na kidole cha shahada kila jembe linapokuwa juu. Mwanzoni zoezi lifanywe juu ya C pekee, mkono wa kushoto usihame kabisa, kwa dakika kadhaa, mpaka mkono wa kulia uweze kuendelea wakati mtu anazungumza au anasalimia mpita njia. Hapo ndipo F iingizwe, kila baada ya majembe 8, na kanuni kuu ni kwamba mkono wa kulia hausimami kuusubiri wa kushoto. Vidole vya kushoto vikichelewa, dole gumba liendelee kupiga hata kama sauti ni chafu, kwa maana wachezaji husamehe kodi iliyokosewa lakini hawawezi kucheza juu ya mdundo uliokatika.

Kipimo cha maendeleo kinachoaminika ni kuhesabu mabadiliko: kwa dakika 1 kamili, mwanafunzi ahame kutoka C kwenda F na kurudi, ahesabu mara ngapi kodi imetua, kisha aandike idadi na tarehe kwenye daftari. Idadi ya siku moja haina maana kubwa, na inaweza kushuka siku ya uchovu, lakini safu ya wiki 3 huonyesha mwelekeo ambao sikio la mwanafunzi mwenyewe, lililojaa makosa ya leo, haliwezi kuuona.

Ratiba nayo lazima ikubaliane na kalenda ya shamba, kwa kuwa ratiba inayopingana na pamba haitadumu. Pamba hupandwa kuanzia katikati ya Novemba, palizi hufuata, na uvunaji huanza mnamo Mei. Wakati wa kupanda na kupalilia, misuli ya mkono inayokunja vidole ndiyo hiyohiyo inayoshika jembe kutwa nzima, na jioni vidole hutetemeka na kukosa ulengaji. Mazoezi ya saa hiyo hujenga makosa. Dakika 10 kabla ya kwenda shamba, wakati mkono umepumzika, zina thamani kuliko saa nzima ya usiku, na jioni inaweza kuachiwa kusikiliza, kulinganisha nyuzi na kuimba do, fa na so kwa mdomo. Anayeweza kuchagua mwezi wa kuanza atafanya vizuri kuanza Julai au Agosti, baada ya mavuno, ili wiki 4 za ngozi na wiki nyingine 8 za kodi ziishe kabla mvua hazijashika.

Kwa asiye na mwalimu, simu inaweza kusaidia kwa namna mbili, na ya pili ndiyo inayosahaulika: kutazama video za wapigaji, na kujirekodi mwenyewe mara moja kwa wiki. Mpiga gitaa wa kwaya ya jirani, hata kama anapiga la umeme, anaweza kurekebisha kwa dakika 5 kosa la mkono ambalo video haiwezi kuliona, na inafaa aulizwe swali moja mahususi kuliko kuombwa afundishe kila kitu. Anayetumia mkono wa kushoto ajaribu kwanza mkao wa kawaida kwa wiki mbili; ikimshinda, anaweza kugeuza mpangilio wa nyuzi, ingawa kizingiti na ukingo wa daraja vitahitaji kurekebishwa pia.

Kikwazo cha mwisho cha miezi hii ni kuimba na kupiga kwa wakati mmoja, ambako hata mwenye sauti nzuri hujikuta vidole vimesimama kila anapofungua mdomo. Dawa yake ni kuyatoa maneno kwanza: wimbo uimbwe kwa silabi moja tu, la la la, juu ya dole gumba linalogonga, kisha yatamkwe maneno bila sauti ya wimbo, kama mtu anayesema, kila neno la mwanzo wa mstari likiangukia pale jembe linapogusa ardhi, na baada ya hapo ndipo maneno na sauti yake viunganishwe, kwa mwendo wa polepole kuliko ule wa kanisani au wa ngomani. Wimbo wa kuanzia uwe ule ambao mwanafunzi ameuimba tangu utotoni, kwa lugha anayoiota ndotoni, kwa sababu ulimi wake hautahitaji kuongozwa na akili yote itabaki kwa ile jozi ya vidole inayosogea uzi mmoja kwenda fa, na uzi mmoja kurudi do.